Niliwapa wachezaji wa besiboli ukoo wa nyuki, Part Two ikaniumbua

Wakuu, natumaini mko poa huko mliko. Huku kwetu mvua ya alasiri imeshaanza, kwa hivyo siendi popote na nina muda wa kuandika.

Mimi huwa nasoma nyuzi za watu na kupita kimya. Leo nimekuta mnabishana humu kuhusu ile sinema ya vichekesho ya besiboli, kama Part Two ni nzuri au wameharibu. Nimesoma comment zote. Hakuna hata mmoja wenu aliyeiona vile sisi tuliiona.

Nitasema ukweli mtupu. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini siku hizi nauchukulia ukweli kwa uzito.

Kwanza mnijue. Nimezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai, kati ya Kericho na Bomet. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi kiwandani kwa mwaka mmoja tu, mpaka leo wako hapa. Mimi pia niko kiwandani, upande wa kukausha majani.

Lakini Jumamosi mchana naonyesha sinema kwenye ukumbi wa kambi, ule tunaouita soshal.

Kuonyesha sinema si kazi. Kazi ni kutafsiri. Nakaa kando ya skrini na maiki, spika ndogo ya sinema iko karibu na sikio langu, spika kubwa ni ya sauti yangu. Nasikia Kiingereza, natoa Kiswahili, na Kipsigis kidogo nilichookota nikicheza na watoto wa majirani. Nikiona watu wamechoka naongeza chumvi. Hiyo chumvi ndiyo iliyonipeleka pabaya.

Sasa kuna Kogo Taplelei. Kogo ni nyanya kwa Kipsigis, na kambi nzima tunamuita hivyo. Alichuma majani ya chai mpaka magoti yakagoma, halafu macho nayo yakafuata. Siku hizi anaona mwanga na vivuli tu. Lakini Jumamosi hakosi. Anakaa kiti cha mbele kabisa, karibu na spika kubwa, fimbo katikati ya magoti.

Yeye haangalii sinema. Ananisikiliza mimi.

Halafu Jumapili, kanisa likiisha, anawasimulia wamama wa kikundi chao sinema yote, mwanzo mpaka mwisho. Wale wamama hawaji soshal, wanasema ni mahali pa vijana. Wanamngoja Kogo. Nimeambiwa wakati anasimulia hakuna anayeinuka kwenda kuchungulia sufuria. Tangu macho yapotee, hicho ndicho kitu chake. Hachumi tena, hapiki tena, lakini akifungua mdomo watu wanaketi.

Basi nikaleta ile Part One.

Besiboli hapa nani anaijua? Nikaanza kwa kusema, "Hii ni raundas ya watu wazima, lakini na rungu." Kila mtu alicheza raundas, ule mchezo wa kukwepa mpira na kukimbia vituo, shule ya msingi, kwa hivyo hapo tukawa pamoja.

Halafu timu ikaingia uwanjani, na mashati yao yana picha ya nyuki kifuani.

Kwa wale wa mbali, Wakipsigis wana koo, na kila ukoo una mnyama wake. Kuna watu wa simba, kuna watu wa ndovu, kuna watu wa nyuki. Mimi nikaona nafasi ya kuchekesha. Nikasema kwa maiki, "Hawa wote mnaowaona ni watu wa ukoo wa nyuki, wamehamia Amerika."

Soshal ililipuka kwa kicheko. Kogo akapiga fimbo chini mara mbili. Yeye mwenyewe ni wa ukoo wa nyuki. Sikuwa najua, nawaapia.

Ingeishia hapo hakungekuwa na uzi leo. Lakini katikati ya sinema mvua ya mawe ikaanguka.

Kama hujawahi kukaa chini ya mabati huku kwetu wakati wa mvua ya mawe, usinihukumu haraka. Niliongeza maiki mpaka mwisho na watu wakanisikia. Shida ni kwamba mimi sikuisikia sinema. Kama dakika ishirini hivi naona midomo ikitembea tu. Na ndio wakati yule kijana mpiga rungu amekaa kwenye benchi na binti wa kocha, naye amevaa shati la nyuki, wanaongea na kuongea, mpaka msichana analia.

Mtu mwenye akili angesema ngojeni mvua ipite. Mimi nilikuwa na ukumbi umejaa na kichwa kimevimba. Nikasema, "Huyu ni dada yake. Anamwambia arudi nyumbani, mama ni mgonjwa, na nyuki hawaachani."

Kogo alitoa leso akapangusa macho. Na mimi badala ya kuona aibu nikajisikia fundi.

Miezi ikapita. Ile hadithi ya kijana wa nyuki na dada yake ikazunguka nyumba zote za kambi na kuvuka mpaka vijijini, kwa mdomo wa Kogo. Nilikuwa nakutana na watu ambao hawajawahi kuona skrini yangu wananiuliza, "Yule mama alipona?"

Ndio nikapata Part Two.

Kosa langu kubwa, wakuu, sikuiangalia kabla. Wiki hiyo majani yalikuwa mengi, tulikuwa tunatoka kiwandani tumekauka kuliko chai yenyewe. Nikasema nitaiona papo hapo nikitafsiri.

Jumamosi nafika naona mbele ya soshal wamama kumi na watano na vitambaa vyao vya kikundi. Kogo amewaleta wote. Mwenyekiti wao, Mama Faith, amemshika mkono. Nikamsikia Kogo akiwaambia, "Mkae karibu. Leo mtaona vile kijana ya nyuki anaheshimu dada yake."

Moyo wangu haukustuka hata kidogo. Niliufurahia umati.

Sinema ikaanza vizuri. Mpira unapotea ndani ya gari la keki, kocha analala kwenye mechi, wamama wanacheka mpaka wanashikana mabega. Halafu kama nusu saa imepita, yule kijana akashinda mechi, msichana wa kocha akaruka uzio, akamkimbilia, wakapigana busu la mdomo.

Nikasema haraka, "Hizo ni salamu za Amerika. Ndugu husalimiana hivyo."

Kicheko kidogo. Nikapumua.

Dakika kumi baadaye, kijana akapiga goti, akatoa pete. Nikasema hiyo ni pete ya timu, kila mchezaji anapewa, dada yake ni mweka hazina. Hapo mtu akakohoa huko nyuma. Alikuwa Kiprono, anasoma chuo kikuu pale Kabianga, Kiingereza chake ni safi. Sikumwangalia.

Halafu ikaja harusi. Gauni jeupe, veli, pasta, na kocha mwenyewe anamtembeza binti yake. Na timu yote imepanga foleni na mashati ya nyuki. Sikuwa na salamu ya Amerika ya kufunika hiyo.

Watu wa ukoo mmoja hawaoani huku, si jambo la mzaha. Na hawa si ukoo tu, ni ndugu wa tumbo moja, mimi ndiye niliyesema.

Mama Faith akainama kwa Kogo. Hakuwa na ubaya, lakini sauti yake ni ya kuongoza kwaya, ilisikika mpaka mlangoni. "Kogo, si ulituambia hawa ni ndugu? Na ni watu wa ukoo yenu?"

Kogo akasema, "Wanafanya nini?"

"Wanaoana."

Kogo aliigeuza fimbo mkononi polepole. Nyuma yake mama mmoja akasema kwa chini, "Labda hakuskia vizuri. Ni uzee." Mwingine akacheka kidogo kwa pua.

Wakuu, nilikuwa na uongo mwingine tayari ulimini. Ningesema msichana aliokotwa tu, si wa damu. Ungepita. Mimi ningetoka salama. Lakini niliuona uso wa Kogo. Alikuwa ameinamisha kichwa anakumbuka, neno kwa neno, anatafuta mahali alipokosea. Na hakuwa amekosea popote.

Nikasimamisha sinema.

Nikasema, "Kogo hakuongeza neno. Alisikia vizuri. Mimi ndiye nilidanganya. Siku ile mvua ya mawe ilinyesha, sikusikia kitu, nikatunga. Hawa si ndugu. Ukoo wa nyuki pia niliwapa mimi. Hiyo ni picha ya shati."

Nilitegemea watacheka. Hakuna aliyecheka. Kogo akasimama, akamwambia Mama Faith, "Nipeleke nyumbani." Wamama wakamfuata wote.

Waliobaki nikawamalizia sinema, halafu nje chini ya paa kila mtu akatoa maoni yake, kama mnavyofanya humu. Fundi mmoja wa kiwandani akasema Part Two ni takataka, hakuna raundas ya kutosha. Dada mmoja akasema harusi ilikuwa tamu, shida ni mtafsiri. Kiprono akaniambia alijua tangu Part One kwamba natunga, akanyamaza kwa sababu hadithi yangu ilikuwa nzuri kuliko yao. Siku nyingine ningemnunulia chai kwa maneno hayo. Siku hiyo yaliniuma.

Jumamosi iliyofuata kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Na Jumapili nikasikia Kogo alitoka kanisani moja kwa moja mpaka nyumbani. Hakusimulia chochote.

Hapo nikaelewa nilichovunja.

Jumatatu nilikuwa zamu ya jioni, kwa hivyo asubuhi nikaenda kwake. Alikuwa nje kwenye jua, anachambua maharagwe kwa vidole. Nikasalimia, akaitikia, akaniambia nikae. Akaita mkaza mwanawe aniletee mursik, maziwa ya kibuyu. Ukipewa mursik bado hujafukuzwa, nikapata nguvu.

Nikamwambia, "Kogo, nimekuja kukusimulia Part One. Ile ya ukweli." Nilikuwa nimeirudia mara mbili nikiandika kwenye daftari.

Nikasimulia yote. Kijana, kocha, msichana, na pale kwenye benchi. Ukweli ni kwamba walikuwa wanaongea juu ya kifo cha mbwa wa msichana. Dakika ishirini, mbwa.

Kogo akasikiliza mpaka mwisho, maharagwe yakianguka moja moja kwenye sufuria.

"Mbwa," akasema.

"Ndio, Kogo."

"Yako ilikuwa mzuri kushinda hiyo."

Nikafunga daftari langu.

"Weri," akasema, yaani kijana, "mimi siwezi kuona. Nikisimulia wale wamama, naweka jina yangu juu ya maneno yako. Wewe kama hujui, sema hujui. Mimi mwenyewe nitaendelea hapo."

Nikamwomba msamaha. Akasema ameskia, nimalize maziwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja, na wamama sita. Tukarudia Part Two kutoka mwanzo, bila chumvi. Kuna mahali mzee mmoja wa kofia nyekundu anatokea kwenye harusi, anamkumbatia kijana, analia, anaondoka. Hakuna anayemtaja jina. Nikashika maiki na kusema kwa mara ya kwanza maishani mwangu, "Hapa sijui."

Kogo, bila hata kugeuka, akasema, "Ni yule aliyemfundisha kushika rungu akiwa mtoto. Hawakumwalika." Mama Faith akasema hapana, ni baba yake mzazi. Fundi akasema ni dereva wa basi. Ubishi ukawa mkubwa, nikasimamisha sinema, watu wakabishana robo saa. Kogo aliwashinda wote. Jumapili, naambiwa, kikundi kizima kilikaa chini kumsikiliza.

Tangu hapo ndio desturi yetu. Nikifika nisipojua, nasema sijui, na ukumbi unaingia. Watu wanakuja kwa ajili ya hapo kuliko sinema.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukimsimulia mtu asiyeona, wewe ndiye macho yake, na atakapokwenda kuwasimulia watu, ni jina lake lililo hatarini, si lako.

Lakini kwa kuwa niliahidi ukweli, kuna kimoja kimebaki. Jumamosi iliyopita tulikuwa na sinema nyingine. Mwanamke amesimama kituo cha reli na barua mkononi. Barua ilisema nini nilisikia vizuri kabisa, kila neno.

Nikamwangalia Kogo, amesogea mbele ya kiti, anangoja.

Nikasema, "Hapa sijui."

Sasa nyinyi mlioiona Part Two, nipeni maoni: yule mzee wa kofia nyekundu ni nani? Andikeni hapa chini, nitamsomea Kogo. Ila mjiandae, bado hajashindwa.