Akidi Ilipopatikana Gerezani

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani wa kamati ya ushauri ya chuo kikuu. Kamati ilikishauri chuo namna ya kuwa karibu na wananchi. Kazi yangu ilikuwa kuwakusanya washauri, nayo ilikuwa ngumu kuliko ushauri wenyewe. Huyu yuko semina Dodoma, yule ana wageni, mwingine gari halina mafuta. Waliofika walikunywa chai, tukaahirisha.

Siku moja mwenyekiti, profesa mpole, akaniambia, "Kikao kijacho tukifanyie Kariakoo. Hatuwezi kuwajadili wananchi kwa mbali."

Nikapata ukumbi mdogo mtaa wa Gerezani, ubavuni mwa duka la ushirika. Asubuhi ya kikao, mimi na dereva tukashusha maboksi ya makabrasha. Nilipotoka tena nje nikakuta foleni, vikapu vimepangwa hadi kona. Nikamwamkia mama aliyekuwa mbele, nikamweleza kuwa yale ni makaratasi tu ya mkutano.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hata siku ya sabuni walituambia hivyohivyo."

Muda wa kikao ukafika, niko peke yangu ukumbini. Nikatoka kuchungulia barabarani. Washauri wangu walikuwepo wote, hata yule wa Dodoma, ila walikuwa kwenye foleni. Kila aliyeshuka garini aliuliza kuna nini, akaambiwa sukari, akashika nafasi. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya muuza samaki wa soko la Feri, amekumbatia mkoba. Nikamnong'oneza kwamba sukari hakuna, kuna kikao.

Akanitazama kwa huruma. "Una hakika?"

Nikamwambia maboksi niliyabeba mwenyewe. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa kuwa akidi imetimia, tufungue kikao papo hapo, na mtu asipoteze nafasi yake. Nikaandika muhtasari nimesimama juani. Foleni haikusogea hata hatua, lakini ajenda zilikwisha zote. Muuza samaki alipoombwa maoni, aliwaomba wapunguze sauti, asije akakosa kusikia dukani wakiita. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba chuo kimewakaribia wananchi.

Adhuhuri mwenye zamu dukani akatoka, akafunga mlango, akaenda zake. Kina mama wakamgeukia mwenyekiti, maana ndiye mwenye mkoba, wakataka kujua sukari ameipeleka wapi. Tuliondoka bila kufunga kikao.

Kikao kilichofuata kilifanyika chuoni, chini ya upepo wa mapangaboi. Akidi haikutimia.