Mama Njoki Ametuchagulia Linux

Wasichana, naandika imeli hii kutoka saiba, kwa kompyuta ya kukodi, kwa sababu kompyuta yetu imechukuliwa na landilodi.

Kesho mimi na mume wangu (bado nalipenda hilo neno) tunaanza kazi ya kuchapa hapa Kawangware.

Kompyuta yetu inaendeshwa na Linux, na Ouma wangu alitaka ile ya skrini nyeusi, ya kuandika amri tu. Mimi nikataka ile ya picha za kubonyeza, maana mchapaji ni mimi.

Akaweka zote mbili ili nijaribu mwenyewe. Niambieni kama kuna mume mwingine kama huyo.

Mara Mama Njoki, mwenye ploti tunayopanga, akaingia. Kwake stima ni ya balbu na redio. Ukizidisha hapo, anakata.

Ouma akamwonyesha ile yake nyeusi.

"Hii TV imekufa na bado inakula stima yangu?"

Akaelekea kwenye swichi. Haraka nikawasha yangu, nikamfungulia mchezo wa karata.

Akaketi.

"Ouma, tumieni hii ya bibi yako," akasema baadaye, bila kugeuka. "Stima sikati."

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa ni jioni na bado anacheza.

Mteja wa kwanza anakuja kesho mapema. Nyinyi mngemtoa vipi kwenye kiti, kwa heshima?