Mwezi wa Baridi Haukuwa Umekufa

Dada yangu anakaa Ilomba, mjini Mbeya, na tangu aweke kalenda ya mwezi kwenye simu amejifanya bibi shamba wa ukoo mzima. Kila asubuhi ananitumia sauti WhatsApp: leo panda vya mizizi, kesho usiguse udongo. Mimi ndiye niliyebaki huku karibu na Mafinga, ninayelima kinyungu cha mama, yale matuta ya bondeni yanayoshika unyevu hata mvua zikiisha. Yeye jembe alilisahau toka aolewe.

Mama naye alifuata mwezi, sikatai. Lakini alikuwa na neno lake: mwezi wa baridi ufe kwanza. Yaani hata uandame vizuri namna gani, kama asubuhi nyasi bado zina sakitu, ule umande ulioganda, nyeupe kama zimemwagiwa unga, mbegu haitoki kwenye kibuyu. Tulikuwa tunasubiri huo uishe, unaofuata uandame, ndipo tushuke bondeni. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maharage yake ya njano yenye jicho jekundu, yamechanganywa na majivu. Alipofariki mwaka jana sikugombea kitu kingine chochote, nilichukua kibuyu. Maharage yale sijawahi kuyaona sokoni, si Mafinga wala Iringa mjini.

Julai nikaenda msibani Idodi, nikakaa huko zaidi ya wiki. Dada akaja kunishikia nyumba. Niliporudi nikakuta kibuyu kimeoshwa, kimeanikwa uani.

"Pumzika, mdogo wangu," akasema. "Nimeshapanda. Simu ilisema mwezi ni mzuri."

"Umepanda yote?"

"Yote. Nilitaka tufanye kama mama alivyokuwa anafanya."

Nilitamani kumpiga. Sipambi maneno, nilitamani kumpiga dada yangu mkubwa. Kalenda yenyewe imetoka nchi ambazo Julai watu wanatembea vifua wazi, na huku kwetu mwezi wa baridi ulikuwa bado uko angani. Alikuwa ameshika nusu ya neno la mama, nusu nyingine hakuwahi kuuliza. Mtu amezaliwa humu humu, amelala kwenye baridi hii utoto wake wote, halafu anaulizia majira kwenye simu!

Nilishuka bondeni nikayafukue. Yalikuwa yameshaota. Basi nikayafunika kwa nyasi, kwa magunia, mpaka kwa kanga za mama. Usiku sakitu ikapenya vyote. Kesho yake majani yalikuwa meusi, ukiyagusa yanateleza kama mboga iliyochemshwa. Dada alilia pale pale kwenye matuta. Sikumbembeleza, na mpaka leo sijajisikia kumbembeleza.

Mama alikuwa na kawaida ya kuwagawia wenzake mbegu, kwa hiyo nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Huyu yake yaliliwa na wadudu, yule aliyauza. Wa mwisho alikuwa rafiki yake wa kwaya, ambaye mama alimpa debe zima. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akatazama chini.

"Yaliisha msibani kwa mama yako, mwanangu," akasema. "Watu walikuwa wengi, tukayapika yote. Hata wewe nilikupakulia."