Kitenge cha Wageni

Nakiri bila kujitetea: joto lilinivua, akili yangu ikanivisha vibaya.

Nilitoka Uvira kwenda Bujumbura kuomba kazi ya ualimu kwa padri wa parokia moja. Kwa sababu ya vita barabara ya kurudi ilikuwa ikifungwa mapema, kwa hiyo ilinibidi nimwone mara tu baada ya misa. Gauni la mikono mirefu lingenifanya nizimie kwa joto, nikavaa la mabega wazi. Nilipofika mlangoni mwa kanisa nikaogopa: nani atampa darasa mwalimu wa namna hii?

Kwenye benchi palikuwa na kitenge kirefu chenye misalaba, kimepigwa pasi. Nikawaza, hapa wanawajali wageni! Nikajifunika mabega, nikaketi mstari wa mbele, nimeazimia kuonekana mcha Mungu.

Misa haikuanza. Padri alisimama akinitazama. Nikanyoosha mgongo, nikiamini kazi nimeshapata.

Mama mmoja wa kanisa akaja mbio.

“We mutoto, toa hiyo! Padiri anangojea.”

“Mama, siwezi. Mabega yangu iko wazi.”

“Na altare nayo iko wazi!” akapaza sauti. “Umevaa meza ya Bwana!”