Moshi wa Mabani Yote

Asubuhi ile mimi na dada yangu Rukia tulikuwa tunatunga majani ya tumbaku kwenye fito, huku mumewe, Amisi, akichunga moto ndani ya bani, kibanda cha kukaushia. Tumbaku yetu ni ya moshi, haitaki mwali. Amisi alijua kuulaza moto ukafuka taratibu. Alikuwa amevuka mto Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji, na kijijini kwetu, ukipita Lusewa, hakuna aliyemsumbua.

"Shemeji, ufito wako umejaa upande mmoja," alinitania. "Utautungua uanze upya, nakujua."

Niliutungua. Ndivyo nilivyo. Hata aya hii nimeifuta mara nyingi.

Mchana waasi walivuka mto.

Risasi. Vihenge vya mahindi vikawaka. Tulilala kifudifudi kwenye mihogo.

Walipoondoka, Jafari, mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amekufa mlangoni kwao.

Neno lilianzia mazishini: moshi wa bani la yule mgeni ndio uliowaita. Kesho yake mkutano ukaitishwa. Niliishia darasa la saba. Kujenga hoja nilijifunza kwenye magazeti waliyofungia chumvi kwenye maduka mapya ya watu binafsi. Nilisimama, maneno nimeyapanga usiku kucha.

"Wazee wangu, siku ile mabani yote yalikuwa yanafuka. Hata la mwenyekiti. Mtu amekwenda Songea kuomba askari. Tungoje wafike, wamhoji."

"Shule ya magazeti hiyo! Kaa chini!"

Watu mkutanoni walicheka kwa chuki. Mwenyekiti, Mzee Twahiri, hakucheka.

"Mwanangu, wewe umeshazika mtoto?"

Kisha akalia mbele yetu sote. Nilimwonea huruma, na nikamchukia kwa kunitia huruma hiyo. Hoja zangu zilikuwa sahihi, na hazikuwa na kazi.

"Anayetaka Amisi arudi kwao, anyooshe mkono," mwenyekiti alisema.

Mikono mingi ilinyooka, na mkono wa mama yangu ulikuwa juu. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

Alidhani Rukia atabaki. Rukia alijitwika mzigo wake, akamfuata mumewe. Vijana wenye mapanga waliwasindikiza hadi mtoni.

Waasi walikuja tena. Safari hiyo bani letu lilikuwa limezimwa, tumbaku inaoza ndani.

Vita vimekwisha sasa. Rukia hajarudi, wala hatujapata wa kutuambia kama yu hai. Majirani husema mama alimfukuza mkwewe kwa hasira. Si kweli. Alimlilia mzazi mwenzake aliyefiwa. Ingekuwa chuki, ningejua pa kuielekeza hasira yangu.

Msimu huu Mzee Twahiri amekuwa wa kwanza kuwasha bani. Nilipopita kwake nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Moshi wake ulipanda juu ya mapaa, mrefu, mweupe. Mama alitoka nje akautazama, kisha akageukia upande wa mtoni.

Hakuna aliyeitisha mkutano.