Glasi ya Maji na Magari Mawili

Kabla ya kila safari ya hospitali, baba yangu alijaza maji kwenye glasi, akabakiza upana wa kidole kimoja kufika mdomoni, akaisimamisha kwenye kishikio cha vikombe katikati ya viti vya mbele. Chini yake alitandika kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Wakifika, akishamshusha Bibi, jambo la kwanza lilikuwa kukigusa kile kitambaa. Kikiwa kikavu, hakusema kitu. Kikiwa na unyevunyevu, siku hiyo hata nyumbani hatukumtania.

Tabia hiyo aliitoa kwenye gari la mayai. Kwa miaka kumi na mmoja alisambaza mayai ya shamba la kuku kwenye maduka ya mjini, trei juu ya trei, na huko ndiko walikompa jina la Taratibu. Wenzake walisema hata konokono humpigia honi. Yeye alijibu kwamba konokono hajabeba mayai ya mtu.

Bibi hakuwa bibi yetu. Alikuwa mama wa wakili wa kike aliyemwajiri baba, ajuza wa miaka themanini na mmoja ambaye figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu kwa mashine, saa nne nzima kitandani, na akitoka hapo alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Mgongo ulimuuma, tumbo lilimchafuka, na kila tuta la barabarani lilimfikia mpaka mfupani. Kwa miaka saba baba alimpeleka na kumrudisha kwa gari lile lile, gari kubwa la umeme, la kifahari, lililonunuliwa wakati magari ya aina hiyo mjini yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole.

Vitufe vyake baba alivibonyeza bila kutazama: cha kupasha kiti joto, cha kulaza mgongo wa kiti, cha kulishusha gari ili Bibi apande. Lilishuka kwa kutoa pumzi ndefu, likipiga magoti ya nyuma kwanza, na Bibi aliliambia kila mara, "Polepole, mwenzangu. Na mimi magoti ni hayo hayo." Lakini uzee haufichiki. Betri iliyokuwa ikivumilia siku tatu sasa ilidai chaji kila jioni. Upande wa kushoto ulikuwa umeanza kuinama, na kwenye kokoto lilitetemeka kama kabati la vyombo.

Mwaka jana wakili akaletewa toleo jipya la gari hilo hilo. Kwa kuwa ni mtu wa ushahidi, hakutaka kuamua kwa macho. Alimwambia baba ayaendeshe yote mawili kwa wiki mbili, kisha amwandikie lipi linamfaa mama yake. Litakaloshindwa lingerudishwa kwa muuzaji. Halafu akamwambia na jambo jingine, wamesimama barazani, uso kwa uso.

"Mzee, sitakuficha. La zamani mimi siliwezi, unajua. Hili linajishika lenyewe kwenye foleni, linajiegesha lenyewe. Likimfaa mama, nitampeleka mwenyewe. Sitahitaji dereva."

"Nimeelewa, mama," alijibu baba.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mdogo wangu alikuwa bado sekondari, mimi nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, na nyumba nzima ilisimama juu ya mguu wake wa kulia.

Safari ya kwanza na gari jipya ilikuwa aibu. Vitasa vya milango vilikuwa vimezama ndani ya bati na Bibi alipapasa huku na huku akiuliza mlango wameuficha wapi. Kitufe hakikuwepo hata kimoja, kila kitu kilikuwa kwenye skrini pana kama sinia. Kila baba alipoinua macho kumwangalia Bibi kwenye kioo, gari lilimlilia kwamba hatazami mbele. Baya zaidi lilikuwa mguuni. Ukiachia tu mafuta (bado tunasema mafuta, ingawa halina hata tone) lilijizuia lenyewe kwa nguvu, na vichwa vyote vikainama mbele kama vimekubaliana jambo. Bibi alirudi ameziba mdomo kwa leso. Kitambaa kilikuwa chapachapa.

Safari ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Na katikati ya hizo, kila zamu ya gari la zamani, kitambaa kikavu.

Fundi umeme wa magari wa mtaani kwetu, tunayemwita Volti, alifurahi kuliko sisi. Alisema gari jipya limejishtaki lenyewe, na kazi ya baba ni kuandika tu alichokiona. "Usije ukalitetea, Taratibu. Hilo ni kujichimbia kaburi kwa jembe lako mwenyewe."

Nilimuunga mkono. Wakati huo nilikuwa nikisimama mbele ya wanafunzi wenzangu kuhutubia juu ya haki ya mfanyakazi, juu ya mashine zinazopokonya watu riziki, na sauti ilikuwa ikinikauka kwa ghadhabu. Sasa mashine yenyewe ilikuwa imekuja mlangoni kwetu, na ushahidi ulikuwa upande wetu. Nilimwambia baba kwamba glasi imeshasema.

"Maji hayakumwagwa na gari," alisema. "Nimeyamwaga mimi. La zamani nina miaka saba nalo, hili nina siku tatu."

Jumapili akarudi nyumbani na kitabu cha maelekezo cha gari jipya, kinene kama kamusi, kwa lugha ambayo alinisomesha mimi ili niijue. Akavaa miwani, akakaa karibu yangu, akaniomba nimsomee. Nilisoma kwa zaidi ya saa moja. Mikanda, taa, vioo. Kisha nikafika kwenye ukurasa ulioeleza jinsi ya kupunguza ile nguvu ya gari kujizuia, hatua tatu tu, kwa kidole. Niliusoma kimoyomoyo. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, nikaendelea na habari za matairi.

Baba aliweka kiganja juu ya kitabu.

"Rudi nyuma. Nimeona picha ya pedali."

Niliinamisha kichwa. Nikamwambia kwamba nikiusoma huo ukurasa namfukuza kazi kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Yule mama anatapika kwenye leso, mwanangu," alisema. "Soma."

Nikasoma.

Kesho yake alipunguza ile nguvu, akanyamazisha na kile kilio kwa muda wa safari, na akatoka na Bibi. Kwenye kivuko cha reli, mahali ambapo gari la zamani, hata likienda mwendo wa miguu, lilimfanya Bibi ashike kiti kwa mikono miwili, jipya lilipita kama mtu anayevuka chumba cha mtoto aliyelala. Wakati wakirudi kutoka hospitali, baba alisikia kimya nyuma yake, akashtuka, akasimamisha gari kando. Bibi alikuwa amesinzia. Kwa miaka saba hakuwahi kusinzia njiani.

Kitambaa kilikuwa kikavu.

Ripoti aliiandika kwa mkono wake, nusu ukurasa. Ninayo nakala. Inasema gari la zamani lina vitufe vizuri na milango ya kueleweka, lakini linamchosha mgonjwa. Jipya linamfaa zaidi, likishawekwa sawa, na ameandika namna ya kuliweka sawa, hatua zote tatu. Mwisho kuna mstari mmoja: *Aendeshwe na mtu asiye na haraka.*

Wakili aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Alimuuliza baba kama anakumbuka alichomwambia barazani. Baba alisema anakumbuka. Wakili hakubadili neno lake, wala baba hakumwomba alibadili. Alichoomba ni wiki tatu za kumfundisha.

Siku ya mwisho alikaa kiti cha nyuma na Bibi, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Mimi nilikuwa nimekwenda kumchukulia vitu vyake, nikawakuta wakiingia getini. Wakili alisimamisha gari, akazima, akabaki ameushika usukani kama mtu anayesubiri hukumu.

"Taratibu," aliita Bibi, macho ameyafumba, "huyu mtoto wangu amemwaga?"

Baba aliinama kati ya viti, akakigusa kitambaa.

"Kidogo, Bibi. Atazoea."

Alishuka, akamshusha Bibi kwa mikono yake mpaka kwenye kiti cha magurudumu. Kisha akarudi, akakikamua kitambaa juu ya majani, akakikunja mara nne, akamkabidhi wakili pamoja na glasi. Mlango wa gari aliufunga kwa kuusukuma na kiganja, usipige kelele.