Sheria Haina Mama Mkwe

Tulipojenga Kisaju, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hakuna aliyetuuliza ramani. Fundi alipima kwa hatua zake, akachomeka vijiti, akafunga kamba, na msingi ukachimbwa. Majirani wote walijenga hivyo hivyo, hasa sisi wa kutoka magharibi tuliochoka kupanga nyumba Kitengela. Tulihamia kabla madirisha hayajatiwa vioo.

Mimi niliongeza kitu kimoja. Karibu na barabara nilijengesha chumba kidogo cha mawe kwa ajili ya mama yangu. Kwetu, mama halali katika nyumba ya mkwe wake, hata awe mgonjwa. Na mama alikuwa anatakiwa kupasuliwa jicho Nairobi, na katika watoto wake wote ni mimi tu niliyeishi karibu na hospitali. Bila kile chumba, angebaki nyumbani na giza lake.

Rangi ya milango ilikuwa haijakauka vizuri sheria ilipotufikia. Kanjo, yaani watu wa halmashauri, walikuwa wameanza kudai kila jengo liwe na ramani iliyopitishwa na likae mbali na barabara. Nilirudi kutoka kazini nikakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha mama. Nikapanda gari hadi Kajiado nikiwa nimevimba kwa hasira, maneno yote nimeyapanga.

Ofisa niliyemkuta alinimaliza nguvu kwa upole wake. Alinieleza kwamba nyumba kubwa ingebaki tukiichorea ramani, lakini chumba kilikuwa ndani ya eneo la barabara na lazima kiondoke. Kiwanja chetu pia kilikuwa kidogo, kisingeruhusiwa makao mawili. Nikamweleza habari za mama. Alinielewa kabisa, maana hata yeye hajawahi kula mbele ya mama mkwe wake.

"Lakini sheria haina mama mkwe," akasema.

Chumba tulikibomoa wenyewe ili tuokoe mawe. Nililia nikiyapanga. Kisha akaja mchoraji, akapima nyumba ambayo tayari tulikuwa tunapika na kulala ndani yake, akaichora kana kwamba bado tunaiwazia. Alipendekeza chumba cha mama kiunganishwe na nyumba. Nilimjibu vibaya, maskini, kwamba ukuta si neno, neno ni paa la mkwe.

 Mume wangu ni mtu wa kimya, na wiki zile kimya chake kiliniudhi, kana kwamba mila ile ameitunga yeye. Ramani haikupokelewa bila hati ya kiwanja, na yetu ilikuwa ndiyo kwanza inatoka, baada ya mzee Mmaasai aliyetuuzia kupata kibali cha bodi ya ardhi. Mume wangu akaenda Kajiado kuifuata. Aliporudi aliiweka mezani. Ilikuwa na jina moja tu, langu. Na ramani ikapelekwa kwa jina hilo hilo.

Nilimuuliza ndugu zake watasema nini. Akaomba chai.

Mama alifika siku chache kabla ya kupasuliwa. Alisimama getini na mfuko wake, jicho moja limefunikwa na ukungu, akauliza atalala wapi. Nilimwonyesha nyumba. Akakataa kusogea. Mimi nikaona tutarudi stendi.

Mume wangu alikuwa amesimama mbali, kando ya tangi la maji, uso ameugeuza kwa heshima.

"Mwambie mama hii nyumba si yangu," akaniambia, kwa sauti ya kumfikia. "Iko kwa jina yako. Mimi ni mpangaji tu."

Mama akaitazama nyumba kwa jicho lake zima, kutoka mlangoni hadi kwenye paa. Halafu akanipa mfuko.

"Basi mwambie mpangaji wako atafute pa kulala mpaka nirudi nyumbani."

Nilipogeuka kumpa ujumbe, alikuwa tayari anatoa begi lake nyuma ya tangi.